Miwani, Leza na Vumbi la Dodoma

BARAKA: Mbukwenyi, wasikilizaji! Karibuni tena. Mimi ni Baraka, tuko Area C, na mkisikia bati linagongagonga huko juu msihangaike na spika zenu, ni upepo wetu tu. Mwenzangu Nyemo yupo, ila leo uso wake umepungukiwa kitu.

NYEMO: Shikamoo, kaka Baraka. Ni miwani hiyo. Nimeivua, hedifoni zinaikandamiza mpaka masikio yanauma.

BARAKA: Marahaba. Sasa hapo unaniona?

NYEMO: Naona kivuli chenye shati. Mimi ni mainasi tano, kaka. Bila miwani, mwisho wangu wa kuona kitu sawasawa ni sentimita 20. Ukipita hapo ni moshi mtupu.

BARAKA: Wiki mbili zilizopita ulisema unafikiria kupigwa leza uachane nayo. Tangu siku hiyo simu hazijapumzika. Huyu anasema nenda dada, yule anasema utapofuka. Leo tuumalize mjadala.

NYEMO: Nimeshakwenda kupimwa, kwa hiyo sizungumzi ya kusikia. Ila nianze na kilichonifikisha huko. Navaa miwani tangu kidato cha kwanza. Nafanya kazi Mtumba, asubuhi daladala, halafu bodaboda. Vumbi la Septemba unalijua mwenyewe. Nikifika ofisini lenzi zimekuwa kama kioo cha lori lililotoka Singida. Nikifuta kwa kanga nazikwaruza. Nikifunua sufuria ya ugali, giza.

BARAKA: Na zile lenzi za kubandika jichoni? Si uliwahi kuzivaa?

NYEMO: Miezi minane. Siku moja niko kwenye bodaboda, upepo ukaja na mchanga wake, chembe ikaingia chini ya lenzi. Machozi, kamasi, dereva ananiuliza, "Dada, umefiwa?" Nilipofika nikaitoa, nikaisuuza kwa maji ya bomba, nikairudisha.

BARAKA: Kwani kuna ubaya?

NYEMO: Wee! Daktari aliniangalia kama mtoto aliyekutwa anachezea petroli. Lenzi na maji ya bomba havikutani. Kuna vijidudu humo vinaweza kula konea mpaka ukapoteza jicho. Mimi niliponea jicho jekundu la wiki moja. Hapo ndipo nikaanza kuwaza leza.

BARAKA: Twende taratibu, mdogo wangu. Konea ndiyo ipi?

NYEMO: Kile kioo cha mbele kabisa, kinachofunika hapa penye rangi. Unene wake ni kama nusu milimita. Sisi tusioona mbali, mara nyingi jicho limerefuka kupita kiasi, picha inaangukia kabla haijaifikia retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha. Leza haifupishi jicho. Inaichonga konea iwe bapa zaidi, ili picha isogee nyuma ikae mahali pake.

BARAKA: Inachonga kama fundi wa Majengo anavyochonga kitanda?

NYEMO: Kila namba moja ya miwani inaondoa kama maikroni 12 hadi 15, na maikroni 1,000 ndiyo milimita. Kwa mainasi tano yangu ni kama maikroni 70. Unene wa unywele.

BARAKA: Unywele mmoja! Ndio watu wanalipa bei ya pikipiki mpya?

NYEMO: Kukata si kazi, kazi ni kukata bila kuunguza. Hiyo ni miale ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, mawimbi yake nanometa 193, inaondoa tabaka la juu bila kupeleka joto chini. Na ilivyogunduliwa utacheka. Marekani, Novemba 1981, watafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM. Mmoja wao, Rangaswamy Srinivasan, alikula sikukuu nyumbani kwake, kesho yake akabeba mabaki ya bata mzinga kwenda nayo kazini, wakayapiga leza. Mkato ukatoka safi, pembeni hapajaungua.

BARAKA: Sisi mabaki ya sikukuu ni mifupa, na mbwa ameshaipitia. Tusingegundua kitu.

NYEMO: Na kabla ya leza kulikuwa na daktari wa Bogotá, Kolombia, José Barraquer. Yeye alikuwa anakata kipande cha konea, anakigandisha kwa baridi, anakikereza kwenye mashine, kisha anakirudisha jichoni.

BARAKA: Basi, basi. Mimi nikisikia konea namkumbuka bibi yangu wa Kongwa. Alikuwa na vikope. Kope zimegeukia ndani, kila akipepesa zinakwaruza jicho. Alikuwa na kikoleo kidogo amekifunga kwenye pindo la kanga. Jioni anakaa mlangoni penye mwanga, ananiita, "Njoo unitoe." Nina miaka tisa, nashika kope moja moja, na mikono inatetemeka. Kwa hiyo mtu akiniambia anakwenda kuigusa konea yake wakati haiumwi, mwili unanisisimka.

NYEMO: Pole, kaka. Kongwa si ndiko walikofanya ule utafiti wa kunawisha watoto uso?

BARAKA: Ndiko. Walikuja watu wa Johns Hopkins, chuo kikuu cha Marekani, wakaonyesha kwamba vijiji vikihimizwa kuwanawisha watoto, vikope vile vikali vinapungua. Maji na kiganja tu. Bibi alikuwa ameshachelewa. Haya, endelea, nisije nikakuharibia kipindi.

NYEMO: Hujaharibu. Hofu yako si ya bure, na daktari wa maana anaanza na hofu hiyo hiyo. Nilipanda treni ya asubuhi kwenda Dar, baada ya kukaa wiki mbili bila lenzi za kubandika, maana zinaikandamiza konea na vipimo vinadanganya. Wakaichora konea yangu ramani. Rangi rangi, kama ile ya utabiri wa mvua. Wanatafuta ugonjwa unaitwa keratokonasi, konea inakuwa nyembamba inachomoza kama koni. Mwenye nao akichongwa, anaharibikiwa zaidi. Mimi sina. Unene wangu ni maikroni 520. Toa 110 za kile kijifuniko wanachokifunua, toa 70 za kuchonga, zinabaki 340. Wanataka chini pabaki angalau 250, wengine hawakubali chini ya 300. Hapo nilishaanza kushangilia moyoni.

BARAKA: Kijifuniko gani tena?

NYEMO: Hiyo ndiyo LASIK. Wanakutia matone ya ganzi, kope zinashikiliwa kwa chuma usipepese, wanakata kijifuniko chembamba cha konea, wanakifunua kama ukurasa, leza inapiga chini yake, wanakirudisha. Leza yenyewe mara nyingi haimalizi dakika kwa jicho. Waliofanya wanasema kuna harufu kama nywele zinaungua.

BARAKA: Toba!

NYEMO: Kesho yake wengi wanaona. Njia nyingine ni PRK. Hapo hawafunui kitu, wanaondoa ngozi ya juujuu tu, leza inapiga papo hapo. Ila unaumia siku tatu nne, na kuona vizuri kunakuja polepole, wiki kadhaa. Ipo ya tatu, SMILE, sikuiulizia sana.

BARAKA: Kwa hiyo unene uko sawa, ramani iko sawa. Mbona umekuja na miwani?

NYEMO: Karatasi, kaka. Kuna kikaratasi chembamba, kama kamba ya kiatu ya mtoto. Wanakunja ncha, wanakining'iniza kwenye kope ya chini. Unafumba macho dakika tano. Nasikia saa ya ukutani, nasikia ile ncha inanikwaruza, najilazimisha hata kuwaza mambo ya msiba ili machozi yatoke. Machozi yanatakiwa yaloweshe zaidi ya milimita 10. Yangu yaliishia sita.

BARAKA: Kumbe Dodoma hata machozi ni ya mgawo!

NYEMO: Cheka tu. Macho yangu ni makavu na nilikuwa sijui. Yale ya kuwasha saa tisa mchana mbele ya kompyuta, nilidhani ni vumbi. Sasa sikiliza. Konea imejaa neva. Neva hizo ndizo zinazotoa taarifa kwamba jicho linakauka, leta machozi. Kile kijifuniko kikikatwa, na zenyewe zinakatika. Zinaota tena, lakini kwa miezi, na katikati hapo jicho halijui kwamba limekauka. Mwenye macho mabichi anavumilia. Mimi naongeza ukavu juu ya ukavu, halafu napanda bodaboda ya Mtumba.

BARAKA: Ila watu si wanafurahi? Mimi ninaowajua waliofanya wanaisifia mpaka unakereka.

NYEMO: Wanafurahi kweli. Mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, FDA, ilifuatilia waliofanyiwa LASIK. Zaidi ya asilimia 95 waliridhika na wanavyoona. Lakini katika walioingia bila dalili za ukavu, mpaka asilimia 30 walikuwa nazo miezi mitatu baadaye. Na waliokuwa hawaoni maduara kuzunguka taa, mpaka asilimia 40 waliyaona. Waliopata shida kubwa au kushindwa shughuli zao kwa sababu ya dalili ya kuona kama hiyo hawakufika asilimia moja. Sehemu ya waliofuatiliwa ni wanajeshi wa majini. Wanajeshi wa majini hawajui vumbi la Nzuguni.

BARAKA: Hayo maduara ndiyo yananitisha. Nikitoka Singida usiku, malori yanakuja na taa zote, hata bila leza nashika usukani kwa dua.

NYEMO: Kwa wengi yanapungua kadiri miezi inavyokwenda. Ila mtu anayeishi kwa kuendesha usiku anatakiwa aambiwe kabla ya kulipa.

BARAKA: Mimi wa miaka 44 je? Simu naishika mbali mpaka mkono unaisha.

NYEMO: Wewe leza ya namna hii haikuhusu, kaka, usikasirike. Tatizo lako ni lenzi ya ndani imekakamaa kwa umri. Na hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Mama yangu ni fundi cherehani, haoni mbali kama mimi. Akitaka kutunga uzi anavua miwani, anasogeza sindano karibu na pua, mara moja imeingia. Shoga zake wa rika lake wanaazimana miwani ya kusomea. Yeye kutoona mbali ndiko kunamsaidia kuona karibu. Nikichongwa leo nione mbali, nikifika umri wake nitakuwa kwenye foleni ya miwani ya kusomea pamoja na wewe.

BARAKA: Karibu sana, foleni ni ndefu.

NYEMO: Wengine wanachongwa jicho moja la mbali, jingine wanaliacha la karibu. Kuna wanaolizoea, kuna wanaopata kizunguzungu. Unajaribu kwanza kwa lenzi za kuvaa.

BARAKA: Na mtoto wa jicho baadaye? Ukishachongwa ndio hupati?

NYEMO: Unapata kama wengine. Tena siku hiyo daktari atahitaji kukokotoa lenzi ya kukuwekea, na konea iliyochongwa inamchanganya mahesabu. Kwa hiyo aliyefanya au anayekwenda kufanya, karatasi za vipimo vya kabla usizitupe. Weka pamoja na hati ya kiwanja.

BARAKA: Haya, mdogo wangu. Unafanya au hufanyi?

NYEMO: Mwaka huu sifanyi. Namba yangu yenyewe haijatulia, mwaka jana ilikuwa mainasi nne na nusu. Wanataka ikae angalau mwaka mzima bila kusogea. Daktari aliyenipima aliniambia wazi: tumia matone ya machozi, rudi baada ya mwaka tupime upya. Nauli yangu ilikwenda bure lakini nilimshukuru. Maana sehemu nyingine, siitaji, dada wa simu aliniambia ni dakika kumi tu na nikilipa kabla ya Ijumaa kuna punguzo. Hajaniuliza umri, hajaniuliza namba, hajaniuliza kama nanyonyesha.

BARAKA: Kunyonyesha kunahusiana vipi?

NYEMO: Mimba na kunyonyesha vinasogeza namba na kukausha macho. Unasubiri.

BARAKA: Na mwakani machozi yakikubali?

NYEMO: Machozi yakikubali na namba ikikaa, nitaongea nao habari za PRK, ili pasiwe na kijifuniko cha kunisumbua siku nikipigwa na tawi kwenye bodaboda. Tena nitakwenda Februari, vumbi limelala, nikae kwa shangazi Dar wiki nzima bila kufikicha jicho. Shangazi nimeshamwambia. Amesema ataniogesha mwenyewe.

BARAKA: Na ile hela?

NYEMO: Iko kibubu. Nimetoa kidogo, nimenunua chupa ya matone na fremu mpya, hii ya sasa nimeifunga sikio kwa gundi. Hebu niivae tusome ujumbe wa wasikilizaji... Ah! Kaka Baraka.

BARAKA: Nini?

NYEMO: Tangu tumeanza una punje ya wali kwenye ndevu.