Kabla Ununue Rimu za Chuma, Angalia Katikati

Haya karibuni, wale wako kule nyuma sogeeni mbele kidogo ndio muone hizi rimu ziko hapa mezani. Naona watu wa viazi wa Molo na Olenguruone, naona wa maziwa, na kuna ndugu yetu ametoka Ahero asubuhi na mapema ndio afike hapa Nakuru, asante sana. Leo nimekuja na kitu moja, vile unachagua rimu ya chuma ya gari inayobeba mzigo kwa barabara mbaya, na nataka mshike hivi: watu wengi wananunua rimu wakiangalia nje, rangi nyeusi, upana, vile tairi itatokeza kwa madigadi, na yale maneno yatakurudisha nyumbani salama yako hapa katikati, hii tundu ya habu, ile kitovu gurudumu linafungwa, haya mashimo ya nati, na namba zimegongwa kwa chuma.

Kwanza kwa nini chuma. Aloi, zile rimu za alumini, si kitu mbaya, ni nyepesi na gari inatulia vizuri nayo. Kijana mmoja ameniuliza hapo nje, sasa mbona magari ya Safari Rally yanatumia aloi, na yanapita Soysambu kwa mawe na vumbi ile yote? Ni kweli, tangu mbio zirudi kwa ratiba ya dunia 2021 tunayaona hapa kwetu Naivasha na aloi za inchi 15. Lakini yule dereva ana kambi nzima ya mafundi inamngoja na rimu zingine zimepangwa, wewe ukigonga jiwe ukishuka Kuresoi usiku na magunia nyuma, nani anakungoja? Aloi ikipigwa sana inapasuka na upepo unaisha hapo hapo. Chuma inakunjika. Unashuka unaangalia, mdomo umeingia ndani, tairi inavuja polepole, unautandika na nyundo mpaka ukae kae, unajaza upepo, unaenda mdogo mdogo mpaka kwa fundi. Hiyo ndio sababu yangu mimi. Chuma pia hugongwa ikaharibika, lakini inaharibika kwa njia inakuachia nafasi ya kufika. Bei yake ni uzito, shoki zinafanya kazi zaidi na mafuta inaenda kidogo, kubali hiyo mapema.

Sasa mzigo. Pikapu ikijaa uzito haugawanyiki sawa, mwingi unakalia nyuma. Tuseme nyuma peke yake imebeba tani mbili, hiyo ni kilo 1000 kwa kila gurudumu na gari imesimama tu mahali tambarare, bado hujaingia shimo. Kwa hivyo rimu ya kilo 1000 kamili haikutoshi, tafuta ya 1200 kwenda juu. Geuza rimu uangalie, rimu nyingi za duka zimegongwa huo uzito, na kama ni kwa pauni gawa kwa 2.2 upate kilo. Za kampuni ya gari saa zingine hazijaandikwa, hizo fuata kitabu cha gari lenyewe. Lakini rimu ya duka mpya kabisa haina namba yoyote na muuzaji anakuambia hii ni hevi diuti, mwachie. Alafu kumbuka tairi nayo ina yake, ukiona 116 pale ubavuni hiyo ni kilo 1250, na kati ya rimu na tairi ile dhaifu ndio inaamua. Ata valvu angalia, ile ya raba ya kawaida mwisho wake ni presha 65 psi, ukijaza zaidi kwa sababu ya mzigo weka ya chuma.

Mashimo. Hapa ndio pesa ya watu inapotelea. Hilux na Prado ni nati 6 na mduara unaopita katikati ya mashimo ya nati ni wa milimita 139.7. Land Cruiser ya pikapu, zile za zamani 75 pia zilikuwa 6, lakini 79 iliyoingia 1999 ni nati 5 kwa 150, kwa hivyo usimwambie mtu akutumie rimu ya Land Cruiser ukanyamaza hapo. Defender ya zamani ni 5 kwa 165.1, Jimny ni 5 kwa 139.7, hizi zote ni tano na hakuna moja inaingia kwa nyingine. Na ata mashimo yakilingana bado, Pajero nyingi za baadaye ni 6 kwa 139.7 sawa na Hilux, lakini tundu yake ya katikati ni kama milimita 67 na habu ya Hilux inataka 106, haiingii ng'o. Kuna mahali nimeona mtu anapanua hiyo tundu na grainda. Tafadhali, msikubali, pale katikati ndio gari limekalia.

Na kama tundu ni kubwa kuliko habu, tuseme 110 kwa habu ya 106? Hiyo inawezekana, lakini sasa ni nati peke yake zinaiweka rimu katikati, kwa hivyo inua gurudumu kabisa, ingiza nati zote kwa mkono kwanza, alafu kaza ukivuka, hii na ile ya kuangaliana nayo, kidogo kidogo. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya zingine rimu inakaa upande, ukifika 80 stiaringi inatetemeka unaanza kulaumu mtu wa balansi.

Nati zenyewe sasa, na hapa naomba mnisikilize vizuri kabisa kwa sababu watu wanaumia. Toyota nyingi zikija na aloi, nati yake ina washa bapa na shingo inaingia ndani ya shimo. Rimu ya chuma inataka nati ya koni, ile imechongwa mdomo ukae kwa bonde la shimo. Ukitoa aloi ukaweka chuma na zile nati za zamani, itakaza, utaona imekaza, lakini inashika kwa ukingo tu, na baada ya siku chache za korogesheni, ile barabara ya matuta madogo madogo, inalegea, shimo linaanza kuwa yai, stadi, zile boliti nati inaingia, zinakatika moja moja. Nunueni nati na rimu siku moja. Dereva wako mwambie pia, maana yeye ndio atabadilisha speya usiku, na kama speya ni aloi na zile nne ni chuma, weka seti ya pili ya nati kwa gari.

Ofseti, yaani umbali kati ya pale rimu inalalia habu na katikati ya upana wake, ntapita haraka. Ukitoka ofseti ya 30 ukaenda sifuri, kila gurudumu limetoka nje milimita 30, gari imepanuka 60. Inapendeza, inasimama vizuri kwa mteremko, lakini beringi zinabeba kwa mkono mrefu, stiaringi inakuwa nzito, na tope yote inarushwa kwa milango. Ya mzigo kaa karibu na ile ya kiwanda. Na kama unashuka kutoka inchi 16 kwenda 15 ili upate tairi nene, jaribu rimu kwa mbele kwanza, kalipa ya breki inaweza kugusa.

Mama hapa mbele anauliza kuhusu zile za ringi, zile za vipande. Ndio mama, hizo bado ziko kwa pikapu nyingi za tairi ya 7.50R16 na tyubu, na fundi wa pancha yeyote kijijini anazijua. Shida ni ile ringi, isipokaa sawa ikijazwa upepo inaruka na nguvu ya kuua mtu. Toa kiini cha valvu upepo uishe wote kabla ya kugusa ringi, na wakati wa kujaza iwe ndani ya keji, mtu asisimame mbele yake, mtoto asiwe karibu kabisa. Kama ringi imeliwa na kutu itupwe.

Za mtumba, zile za soko la Kibuye kule Kisumu na za hapa kwa jua kali. Osha kwanza, usinunue rimu imepakwa rangi mpya juzi, rangi inaficha. Angalia ule mshono unaunganisha sahani ya katikati na pipa la nje, ukiona mstari mwembamba wa kutu rangi ya chai umetoka kwa mshono hapo kuna ufa, maji yanaingia na kutoka. Ingiza nati kwa kila shimo, itikise, ione kama imekaa mviringo. Alafu ifunge kwa habu, shika bisibisi karibu na mdomo wa rimu bila kugusa, zungusha polepole, uone nafasi inapanuka wapi na inafinyika wapi. Mdomo ukikunjika unanyoroshwa, lakini ufa kwa katikati hauchomelewi, ata fundi awe nani.

Ukipaka rangi mwenyewe, usiwekee pale rimu inalalia habu wala kwa bonde la nati, rangi nene inasagika alafu nati inabaki legevu. Na nyinyi wa udongo mweusi wa Kano, rimu ya chuma ina vitundu vidogo na tope inaingia nyuma inakauka kama simiti, gari inatetemeka asubuhi yote, chokora kwanza kabla ya kwenda kwa balansi.

Baada ya kufunga, endesha kilomita 50 mpaka 100 urudie kukaza, bila mzigo kama inawezekana. Sasa kuna Hilux hapo nje imeinuliwa na jeki, twendeni tufunge hii moja pamoja, na mwenye ana nati zake mfukoni alete tuzilinganishe.