Pancha Haiamuliwi kwa Nje

Asanteni. Mnisamehe kuweka tairi chafu kwenye meza safi, ila bila hili tungepiga porojo tu.

Ni la gari langu. Nilikanyaga msumari nikitokea Morogoro, kabla sijafika Chalinze. Giza limeshaingia, nikaogopa kusimama porini, nikajikongoja mpaka kwenye taa. Kilomita kama tatu. Fundi pancha akang'oa msumari, akachomeka uzi wa mpira kwenye tundu, akajaza upepo, akamwagia maji ya sabuni. Povu halikutoka. Nikalipa, nikaondoka.

Litazameni: kwa nje halina ubaya. Sasa wewe kaka wa mbele, ingiza mkono ndani. Utoe. Umeshika nini? Vumbi jeusi, kama kahawa iliyosagwa. Huo ni mpira wa tairi lenyewe. Nilipotembea bila upepo, ubavu ulikuwa unakunjwa na kusagwa kati ya ringi na lami. Hapo hakuna uzi wala kiraka kitakachosaidia. Ukilijaza na kupakia abiria, linaweza kukupasukia ukiwa kwenye mwendo.

Ndiyo maana namwuliza dereva kwanza: ulitembea nalo kiasi gani baada ya upepo kuisha? Ukubwa wa tundu baadaye. Na hata akinidanganya, tairi likivuliwa kwenye ringi litasema.

Uzi wa kuchomeka kwa nje ni wa kukufikisha mjini. Kuziba kwenyewe ni hivi: tairi linavuliwa, linakaguliwa, tundu linajazwa mpira, kisha kiraka kinabandikwa kwa ndani. Vyote viwili. Ukibandika kiraka peke yake, upepo hautoki, lakini maji yanaingia kwa nje na waya za chuma zinashika kutu polepole.

Tundu likiwa katikati ya kashata, yaani ile sehemu yenye mifereji inayokanyaga lami, na halizidi milimita 6, ziba, usitupe hela. Likiwa begani, pale kashata zinapokutana na ubavu, au ubavuni kwenyewe, nunua jingine, maana pale tairi hujikunja kila linapozunguka. Najua wapo wanaoshona ubavu kama kiatu. Nimewahi kuuona mmoja, umeshonwa vizuri kweli, fundi cherehani angemwonea wivu aliyeushona. Sikulipanda gari lile.

Kashata zikibaki milimita 1.6, yaani zimelingana na vile vijinundu vilivyo kwenye mifereji, usihangaike na pancha. Angalia na umri, hasa ninyi wa tairi za mtumba: tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. 2318 maana yake wiki ya 23, mwaka 2018.

Hili langu lilikuwa bado bichi, kashata zimesimama, tundu katikati kabisa. Lingezibika, kama ningesimama palepale nikafunga spea.

Haya, lipitisheni na nyuma nao walishike. Kitambaa cha kufutia mikono hiki hapa.