Jinsi ya kufunga sabufa kwenye amplifaya ya sebuleni bila kuunguza kitu

Oya wanangu mambo vipi, karibuni tena. Leo tunafunga sabufa, na simaanishi ile ukienda Kariakoo ukisema nataka sabufa unapewa seti nzima, boksi moja na vispika vyake, ile ukichomeka imeisha. Naongelea boksi la besi lenyewe peke yake, unaliongeza kwenye amplifaya na spika mbili ambazo unazo tayari.

Kabla hujagusa waya wowote geuza boksi uangalie mgongoni. Ngoja nisogeze kamera, mnaona hapa, 230V, safi. Vitu vya mtumba vya Japani vinakuja vya volti 100, vya Marekani 120, na umeme wetu huku ni 230, sa ukichomeka kichwa kichwa imekula kwako. Mi nishaua amplifaya hivyo, ya volti 100, nilikuwa na haraka ya kusikia mziki, ikalia kidogo tu alafu moshi ukaanza kutoka kwenye yale matundu ya juu taratibuuu kama udi, mpaka leo maiti yake iko chini ya kitanda. Kama ina kiswichi cha kuchagua volti weka 230, kama haina tafuta transfoma ya kushusha umeme.

Alafu cheki kama ina waya wake wa umeme. Kama inao basi ina amplifaya ndani, ndo hii nayofunga leo. Kama haina, nyuma ina vibano tu, hiyo inataka amplifaya ya kwake, usiidandie kwenye vibano vya spika zako maana ohm ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, na ohm 8 na ohm 8 zikifungwa sambamba amplifaya inaona ohm 4, kama haikuundwa kwa hiyo itachemka.

Haya zima kila kitu, chomoa kabisa kwenye soketi. Angalia nyuma ya amplifaya kama pameandikwa SUB OUT. Ukikuta umepona, chukua waya mmoja wa RCA, ule wenye pini moja katikati na duara la chuma pembeni, upande mmoja hapo, upande wa pili kwenye sabufa palipoandikwa LFE, kama hakuna LFE weka kwenye L. Kazi imeisha, hata chai haijapoa.

Shida ni amplifaya za zamani kama hii yangu, haina hilo tundu. Usikate tamaa, na tafadhali usichukue waya wa spika ukaunga na pini ya RCA ukaingiza kwenye sabufa, nguvu ya pale ni kubwa utaiua. Angalia kwenye sabufa kama kuna vibano vimeandikwa HIGH LEVEL au SPEAKER INPUT. Hivyo ndo unavitaka. Unatoa waya kwenye vibano vya spika vya amplifaya, kushoto na kulia, unaleta hapa, nyekundu kwa nyekundu nyeusi kwa nyeusi, na spika zako zinabaki pale pale zilipokuwa, hapa amplifaya haipati mzigo wowote wa maana. Menya waya kama sentimita moja, sokota nyuzi mpaka ziwe kitu kimoja, ona hivi, maana unyuzi mmoja ukichomoza ukagusa kibano cha pembeni umepiga shoti.

Sa hapa ndo wengi wanaharibu, akishachomeka anaisukumia kwenye kona anafungulia mpaka mwisho. Kona inaongeza besi ni kweli, ila inakuwa besi ya kuvimba, noti zote zinalia mmmm moja. Fanya hivi, utachekwa lakini fanya: weka sabufa juu ya kochi unapokaa wewe, piga dansi la zamani lenye gitaa la besi linalotembea, alafu tambaa chini sebuleni kichwa kikiwa usawa wa sakafu. Kuna sehemu besi inapotea kabisa, kuna sehemu inavimba, na kuna sehemu utasikia kila noti imekaa peke yake. Hapo ndo unaiweka.

Kile kinobu cha CROSSOVER, kinachoamua sabufa ipige besi kuanzia chini mpaka wapi, anzia Hz 80, kama spika zako ni vidogo panda 100 au 120, ukizidi hapo utaanza kusikia sauti ya mwanaume inatokea kwenye boksi la chini badala ya mbele. Ila kama unatumia resiva, yaani amplifaya yenye menyu, inayogawa besi yenyewe kwenda kwenye sabufa, kinobu cha sabufa kipeleke mwisho kabisa, zisigawe zote mbili. Kiswichi cha PHASE kaa kwenye kochi umwambie mtu abadilishe 0 na 180, inayokupa besi nyingi zaidi ndo hiyo hiyo.

Sauti ya sabufa anza sifuri, panda polepole mpaka uisikie, alafu rudisha nyuma kidogo. Ukiizima uone mziki umekonda, ukiiwasha usijue iko wapi.

Ikiwa inaunguruma hata mziki ukiwa kimya, chomeka sabufa na amplifaya kwenye ekstensheni moja, mara nyingi inakata. Usikate pini ya asi, ile ya waya wa ardhini, kuna watu wanashauri hivyo, umeme unaua. Na kama inajizima ukisikiliza taratibu usiku, toa AUTO weka ON.

Mnasikia hiyo tirrr? Sio sabufa, ni glasi za mama kwenye kabati, ngoja nikunje gazeti niweke katikati yake... eeeh, imenyamaza.