Hassan ni Babu Yake

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojibanza nyuma karibu na mlango:

Najua wamo humu walionisikia nikilisema jambo hili, la magazeti ya Kiingereza kukosea majina ya viongozi wetu, mara ya tatu au ya nne, na namwona mmoja wao ameshaanza kutabasamu. Atanivumilia, kwa kuwa kosa lenyewe bado halijasahihishwa.

Tarehe 19 Machi 2021, siku mbili baada ya Rais Magufuli kufariki dunia, Samia Suluhu Hassan aliapishwa Ikulu, Dar es Salaam, huku ameshika Msahafu. Sisi tulikuwa na Rais Samia tangu saa ile. Magazeti ya London na New York yalikuwa na rais mwingine, jina lake Hassan: Hassan ameapa, Hassan ametoa hotuba, Hassan atafanya hivi na vile. Kanuni yao ni nyepesi: mtu hutajwa mara ya kwanza kwa majina yake yote, kisha hubakizwa neno la mwisho peke yake, kwa imani kwamba neno la mwisho ndilo jina la ukoo wake.

Sina haja ya kuwaeleza nyinyi kwamba Samia ni yeye, Suluhu ni baba yake na Hassan ni babu yake. Ninachotaka mkitazame ni neno lililoandikwa kwenye fomu zetu wenyewe, neno tunalolijaza kila siku bila kulifikiria: ubini. Limezaliwa na "bin", na bin ni mwana wa fulani, kwa hiyo anayekuuliza ubini wako anakuuliza baba yako ni nani. Basi hata tukikubali, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba kiongozi ni lazima aitwe kwa ubini wake, jawabu lingekuwa Suluhu. Samia binti Suluhu bin Hassan: hilo neno la mwisho ni ubini wa Suluhu, si wa Samia. Waandishi wale hawakukosea kwa hatua moja, wamekosea kwa vizazi viwili, na kila wanapoandika kwamba Hassan ametia saini sheria, kwa masikio ya mtu wa Unguja aliyeshika kalamu ni babu.

Endeleeni nao mbele kidogo muone mambo yanavyozidi. Binti yake, ambaye naye ni mwanasiasa, anaitwa Wanu Hafidh Ameir. Kwa kanuni ile ile, mama ni Hassan na binti ni Ameir, na msomaji wa mbali hana njia ya kujua kwamba hao ni mtu na mwanawe. Nami haya nimeyaonja. Mwaka mmoja nilisafiri ng'ambo na mke wangu na mtoto wetu, tukafika dirishani kwa ofisa wa mpakani, akazipanga pasi zetu tatu mezani kama mchezaji wa karata, akaona majina matatu ya mwisho yasiyofanana, akaniuliza kwa upole mwingi huyu mtoto ni wa nani. Mtoto mwenyewe, miaka sita, ndiye aliyemjibu.

Sasa vukeni mpaka twende Mogadishu. Rais Hassan Sheikh Mohamud alitawala kuanzia mwaka 2012 hadi 2017, akarudi madarakani 2022, na watu wake humwita Hassan Sheikh, kwa sababu Hassan ndiye yeye. Kiingereza humwita Mohamud. Tangu Somalia ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024, viongozi hawa wawili ni wa jumuiya moja, na kwa Kiingereza mwenye Hassan amenyang'anywa Hassan wake, akapewa asiyemwomba.

Wapo watakaosema: mbona Salim Ahmed Salim, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia mwaka 1989 hadi 2001, aliitwa Salim na hapakuwa na tatizo? Kweli, hapakuwa. Jina lenyewe linaonyesha kwamba alipewa jina la babu yake, kama ilivyo desturi yetu. Walimkusudia babu wakampata mjukuu. Hiyo haiitwi kanuni, ndugu zangu, hiyo ni bahati.

Wengine hunitajia Mwinyi, Karume na Kikwete. Hao nawakubali bila ubishi. Mwinyi limeshageuka jina la ukoo: alilibeba Mzee Ali Hassan Mwinyi, analibeba mwanawe Hussein kule Zanzibar, na wananchi wenyewe husema Dk. Mwinyi. Sijasema kwamba Watanzania wote hawana jina la ukoo. Nimesema ulizeni kwanza.

Ipo na hoja ya heshima, kwamba kumwita rais mwanamke kwa jina lake la kwanza ni kumshusha. Kwa Mwingereza huenda ikawa hivyo. Kwetu heshima hukaa kwenye neno linalotangulia: Mheshimiwa, Mama, Bibi, Maalim. Maalim Seif Sharif Hamad, aliyefariki Februari 2021, magazeti ya Kiingereza yalimwita Hamad maisha yake yote ya siasa. Ungekwenda Pemba ukamuulizia Hamad, ungeulizwa ni Hamad yupi.

Wala msiniambie Kiingereza hakiwezi. Waziri Mkuu wa Ethiopia, Abiy Ahmed, huitwa Abiy katika magazeti yale yale, kwa kuwa wamejifunza kwamba Ahmed ni baba yake. Rais wa China huitwa Xi, neno la kwanza, bila mtu kutikisika. Wanaojifunza ya Addis Ababa na Beijing wanashindwaje ya Dodoma?

Linaloniudhi zaidi ni letu wenyewe. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea tafsiri ya habari iliyotoka kwa Kiingereza, na ndani yake, kwa Kiswahili kizuri kabisa, imeandikwa "Rais Hassan". Nilimuuliza nyumbani kwao wanasemaje. Akanyamaza, akachukua kalamu, akafuta.

Nilikuwa na la Moi, na "arap" yake, yaani mwana wa, inayoachwa njiani, na la Uhuru anayechanganywa na baba yake kwa sababu wote wawili huandikwa Kenyatta, lakini naona Mwenyekiti ameshaivua saa yake na kuiweka mezani, basi hayo yatangojea maswali.