Kompaila inaangalia mkia wa jina

Haya jamani, mlionisikia mara ya mwisho mnajua naanzia wapi: F kubwa na f ndogo kwenye majina ya mafaili ya Fortran, lugha ya kuandikia programu za hesabu. Ndio, tena. Mtanivumilia.

Ukiipa gfortran, yaani kompaila inayogeuza kodi ya Fortran kuwa programu, faili inaitwa hesabu.f, haichungulii ndani kuona umeandika kwa mtindo gani. Inaangalia mkia wa jina, basi. Mkia wa .f ni mtindo wa zamani wa safu, yaani kila kitu na nafasi yake kwenye mstari: 1 hadi 5 namba ya mstari, safu ya 6 alama kwamba mstari wa juu unaendelea, kodi yenyewe inakaa 7 hadi 72. Mkia wa .f90, mtindo huru, usiofungwa na safu hizo. Ukiweka F kubwa, ndo faili inapitishwa kwanza kwa priprosesa, inayoandaa kodi kabla ya kompaila kuisoma, na #ifdef zako, mistari ya kuchagua kipande gani cha kodi kiingie, zinafanya kazi. Herufi moja tu hiyo!

Sasa hiyo 72. Nilikaa siku mbili natafuta kosa, mstari wangu unaishia na + 1500, kumbe sufuri ya mwisho imeangukia safu ya 73. Kompaila imeikata kimyakimya, imebaki + 150, hakuna erori, hakuna onyo, programu inakimbia safi kabisa na jibu ni la uongo. Nikakagua fomula, nikakagua data, nikamshuku hadi aliyeniletea data, na macho yangu yanaiona 1500 pale pale kwenye skrini! Chanzo cha hiyo 72 ni kompyuta ya IBM 704 ya miaka ya 1950, programu ziliandikwa kwenye kadi za kutoboa na kisoma kadi chake kilikuwa kinachukua safu 72 kati ya 80, nane zilizobaki watu wakaandikia namba ili rundo likidondoka ulipange upya. Kadi zimekufa zamani, mkasi umebaki.

Naona mtu anacheka, eti nani anaandika Fortran leo. LAPACK, maktaba ya kodi za hesabu za matriki, unaitumia wewe, hata kama huijui, na imejaa mafaili ya .f. Halafu GCC, familia ya kompaila ambayo gfortran imo, inafanya hivyo hivyo kwenye asembli, lugha iliyo karibu kabisa na mashine: .S inapita priprosesa, .s haipiti. Kwa hiyo cheka polepole.

Dawa: unapoita gfortran weka -Wall, itakuambia mstari umekatwa, au -ffixed-line-length-none mkasi uondoke kabisa. Haraka haraka, kwenye Fortran // inaunganisha maneno, priprosesa ya C ya kisasa ingeona ni komenti ikafuta, ndo maana gfortran inaiendesha priprosesa kwa mtindo wake wa kizamani, usiohesabu // kuwa komenti... naonyeshwa saa. Suala la kitufe cha Tab kwenye safu ya 6 silifungui hapa, mwenye swali la Tab anifuate nje.