Damu Isiyotoka kwa Mtu

Ndugu zangu wa Tabora, asanteni kwa kuja. Mama mmoja ameuliza tangu mlangoni: kwa nini mgonjwa wa upasuaji wa moyo asiwekewe damu ya kutengenezwa, ndugu zake wakaacha kuhangaika kutafuta wachangiaji? Mama, swali lako limewasumbua wataalamu miaka mingi.

Damu ya kuchangia, hata ikitunzwa vizuri kwenye friji, chembe zake nyekundu hazivuki siku 42, na lazima makundi yaendane. Bidhaa iitwayo Hemopure ilionekana kuondoa vikwazo hivyo: ni himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, iliyochujwa kutoka damu ya ng'ombe; haina kundi, haihitaji friji. Afrika Kusini iliiruhusu mwaka 2001.

Tatizo ni hili, naomba mnisikilize vizuri. Himoglobini ndani ya chembe ni kama asali ndani ya sega. Mrina asali wa Sikonge anajua sega likipasuka asali hupita kila penye mwanya. Himoglobini isiyo na chembe nayo hupenya hadi kwenye kuta za mishipa, ikanyakua naitriki oksaidi, gesi ambayo mwili huitumia kulegeza mishipa hiyo. Mishipa inabana, presha inapanda. Na huo ni moyo uliotoka kushonwa! Mwaka 2008 mtafiti Charles Natanson na wenzake walijumlisha majaribio 16 ya bidhaa 5 za aina hii: shambulio la moyo liliwapata waliopewa karibu mara 2.7 kuliko wenzao wasiopewa, na hatari ya kufa ilizidi kwa asilimia 30. Mimi takwimu hizo siwezi kuzipita haraka.

Wengine wakageukia vimiminika vya florini, vinavyoweza kubeba oksijeni. Mwaka 1966 mtafiti Leland Clark alizamisha panya ndani yake, wakaendelea kupumua. Lakini Oxygent, bidhaa ya aina hiyo, ilipojaribiwa kwenye upasuaji wa moyo, jaribio lilisimamishwa mwaka 2001 kwa sababu ya kiharusi.

Kwa hiyo, mama, leo tunaitunza damu ya mgonjwa mwenyewe. Ile inayovuja kifuani hufyonzwa kwa mashine, ikaoshwa, akarudishiwa. Na kabla ya hapo kuna kazi ya huku kwetu: anayesubiri kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete apimwe wingi wa damu mapema, hapa hapa hospitali ya Kitete. Akikutwa na upungufu wa madini ya chuma, aanze dawa wiki kadhaa kabla ya kupanda treni.