Matofali ya Bhasan Char

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie kuhamishwa kwa Warohingya, jamii ya Waislamu walio wachache nchini Myanmar, nami nitakaa sana kwenye kisiwa kimoja cha Bangladesh kiitwacho Bhasan Char.

Historia mnaijua, nitaipitia haraka. Agosti 25, 2017 jeshi la Myanmar lilianza msako jimboni Rakhine, na katika miezi michache zaidi ya Warohingya 700,000 wakavuka mpaka kuingia Bangladesh. Wakawakuta wenzao waliokimbia miaka ya nyuma. Wilaya ya Cox's Bazar ikawa na wakimbizi karibu milioni moja, na Kutupalong ikawa kambi kubwa kuliko zote duniani.

Sasa tutazame vibanda. Ni mianzi na turubai, juu ya vilima vilivyokatwa miti. Mvua za masika zikija, udongo unaporomoka. Kiangazi, cheche moja yatosha: Machi 22, 2021 moto uliwaacha watu wapatao 45,000 bila mahali pa kulala. Kwa nini wasijenge kwa matofali? Serikali ya Bangladesh ilikataa. Iliona kwamba mtu akipewa ukuta imara hataondoka tena.

Basi serikali hiyohiyo ikaenda kujenga kwa matofali na zege, lakini baharini! Bhasan Char ni tope la mto Meghna lililoibuka Ghuba ya Bengal kama miaka ishirini iliyopita. Jeshi la majini likajenga safu za nyumba zenye mabati mekundu, chumba kwa familia, majengo marefu ya kukimbilia kimbunga, na tuta la kuzuia maji, vyote kwa ajili ya watu 100,000. Zaidi ya dola milioni 300 zilitumika. Desemba 2020 meli zilishusha watu wa kwanza, zaidi ya 1,600.

Tuwe waadilifu. Bangladesh iliwapokea watu hawa wakati nchi nyingine zilikuwa zikisukuma boti zao zirudi baharini. Huko Ukhiya na Teknaf, sehemu za Cox's Bazar zenye kambi, wakimbizi ni wengi kuliko wenyeji. Na kama ni nyumba tu, ya kisiwani ni bora kuliko ya mianzi. Hilo sibishani nalo.

Ninachobishia ni boti. Mkazi hawezi kuondoka apendavyo. Mgonjwa mahututi anasubiri chombo na hali ya bahari. Kazi ni haba, ndugu wamebaki Cox's Bazar. Ndiyo maana mwaka 2021 watu walianza kutoroka usiku kwa boti za wavuvi, na Agosti boti moja ikapinduka na kuua. Umoja wa Mataifa ulitia saini makubaliano ya kuwahudumia Oktoba mwaka huo, wakati maelfu walikwisha kupelekwa.

Kwa hiyo mimi hupima makazi ya muda kwa njia ya kutokea kabla ya kutazama kuta. Na njia kubwa ya kutokea iko Myanmar, ambako sheria ya uraia ya 1982 iliwaacha Warohingya bila nchi. Agosti 2019 mabasi yalipangwa ili kuwarudisha kwao. Hakuna hata mmoja aliyepanda. Walisema kwanza uraia, usalama na mashamba yao. Hadi leo hawajapewa hata kimoja.

Nishie hapo, tuingie kwenye maswali. Naona mama kule nyuma ameinua mkono.